Kaimu wa Marehemu

Sefania alinigeuzia skrini ili nione kwa macho yangu kwamba hanidanganyi.

"Hiyo hapo, Mama Kabula. Tausi inazimwa Ijumaa ijayo saa sita mchana. Siyo Tabora tu, serikali inaizima nchi nzima. Baada ya hapo hiyo mashine yako itakufaa kubebea vikombe."

"Na Tarishi?"

"Tarishi ni programu ya Tausi. Mfumo endeshi ukifa, na yeye anakufa. Huku kwenye mfumo mpya hayupo, na waliomtengeneza walishafunga ofisi zamani."

Nilijiweka sawa kwenye benchi lake. Sefania Mboje ni fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na stesheni, mtu mzima wa miaka hamsini na ushei, goti bovu, mdomo mzima. Tunajuana tangu enzi akitengeneza mizani za kielektroniki ambazo mimi nilikuwa nikizikamata sokoni. Nilikuwa mkaguzi wa mizani kwa miaka thelathini na moja. Nilizunguka masoko ya mkoa mzima na mawe yangu ya kupimia kwenye begi, na nimewahi kumfungia mtu duka kwa gramu ishirini za sukari. Walioniogopa waliniita Mama Gramu. Walionichukia nao waliniita hivyohivyo, kwa hiyo sikuwa na shida ya kukumbuka majina.

"Basi nitafutie kitu kinachofanana naye," nilisema. "Barua pepe na mabaraza kwenye dirisha moja. Sitaki kuzunguka milango miwili kuingia nyumba moja."

Alianza kunionyesha. Ya kwanza iliitwa Njiwa, nyepesi, safi, lakini ilipokea barua tu. Ukitaka baraza la mazungumzo unakwenda kwingine. Ya pili, Mshale, ilisoma mabaraza yote hata yale ya kale, ila barua pepe haikuzijua, na ujumbe ukizidi mistari thelathini iliukata katikati kama mtu anayekata kitambaa gizani. Nilimwambia haifai. Mihambo, mume wangu, hakuwahi kuandika ujumbe wa mistari thelathini. Salamu peke yake zilimchukua arobaini.

Nilisema "hakuwahi". Sefania hakushtuka, kwa kuwa alikuwapo siku tulipomzika Mihambo, akiwa ameegemea mti kwa sababu ya goti.

"Basi ni hii ya tatu," alisema. "Inaitwa Ukumbi. Ina barua, ina mabaraza, na inahamisha kila kitu cha Tarishi. Miaka ishirini na sita ya barua, inameza kwa nusu saa."

"Na kaimu?" Niliuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi.

Mikono ya Sefania ilisimama juu ya vibonyezo. Alishuka kwenye orodha polepole mpaka chini kabisa, akabonyeza, na ukurasa ukafunguka. *Ukumbi unaweza kumpokea kaimu wako wa zamani. Je, mwenye kaimu huyu yu hai?* Chini yake visanduku viwili, Ndiyo na Hapana, na chini zaidi, kwa herufi ndogo, maelezo kwamba jibu hilo ni kiapo mbele ya sheria.

"Mama Kabula," alisema taratibu. "Kaimu wa Mzee bado anajibu watu?"

Nilitazama bisibisi zake zilizopangwa ukutani kwa ukubwa.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

Alikuna goti lake. Nadhani alinihurumia, na mimi huwa sipendi kuhurumiwa. "Ni kuweka tiki tu," alisema mwishowe. "Hakuna atakayekuja kukagua."

Wauza nyama waliniambia maneno hayo. Wauza mchele pia, na wauza mafuta ya taa, kwa miaka thelathini na moja. Nilimwambia aniwekee Ukumbi lakini ukurasa ule auache wazi, bila tiki, na nikaondoka na mashine yangu kwapani.

* * *

Sikukusudia kumdanganya mtu.

Mihambo alikuwa mfugaji nyuki. Mizinga yake ilining'inia kwenye miti ya miombo huko Sikonge, na jioni, akishanawa asali mikononi, alikuwa akikaa kwenye Baraza la Nyuki. Ni baraza la mtandaoni, kongwe, la watu kama mia mbili kutoka kila pembe ya nchi, wanaoandikiana habari za malkia, nta na siafu. Humo ndimo alimokutana na Kondo Mwinyimvua wa Kisarawe, Mzaramo, anayefuga wale nyuki wadogo wasiouma.

Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo ya pembe kwenda pwani. Mtani anaweza kukuchukulia kuku mbele ya macho yako ukabaki kucheka. Anaweza kukutukana siku ya msiba wako, na asipofanya hivyo utaona kama msiba haukuhudhuriwa. Na mtani ndiye anayeshika jembe. Ukifa, wenye kulia ni ndugu zako, lakini wa kukuzika ni mtani wako.

Kwa hiyo wale wawili walitaniana miaka kumi na tisa. Mihambo alidai kwamba nyuki wa Kondo hawaumi kwa sababu hata kuuma ni kazi, na Mzaramo na kazi wapi na wapi. Kondo alimwita Mihambo mpagazi, akamuuliza kila wiki mzigo umefika wapi. Na walikuwa na mchezo mmoja mbaya: kutangaziana vifo. Kondo akikaa siku tatu kimya, Mihambo alilitangazia baraza kwamba Kondo amefariki kwa uvivu wa kupumua, na michango ya sanda ipelekwe kwake. Mihambo naye akichelewa kujibu, Kondo alimzika. Walizikana mara kumi na moja. Niliwahi kumwambia Mihambo kwamba kifo hakitaniwi. Akasema kifo nacho ni mtani, tena wa karibu.

Masika ya mwaka ule moyo wake ulianza kuchoka. Siku ya kwenda hospitali alimwasha kaimu kwenye Tarishi. Kila mtu wa wakati wetu anamjua kaimu: ukisafiri au ukiugua anashika kiti chako, anajibu barua kwa maneno yako mwenyewe, mpaka urudi. Mihambo alisema asingependa watu wakae bila jibu. Hakurudi.

Asubuhi ya mazishi nilifungua mashine yake, nikaandika kwenye baraza mistari miwili. Mihambo amefariki jana saa tisa alasiri, tunamzika leo. Nilitumia jina lake kwa sababu ndilo lililokuwa kwenye mashine, na mimi sikuwa na jina mle. Kisha nikaenda kumzika mume wangu.

Niliporudi nilikuta jumbe arobaini na mbili, zote za vicheko. Kondo alikuwa wa kwanza: *Mara ya kumi na mbili! Na leo amejizika mwenyewe, kachoka kunisubiri!* Na chini yake, saa nane na dakika kumi, wakati mimi nikirushia udongo kaburini, lilikuwapo jibu la Mihambo: *Nimetazama huko ahera nikakuta Wazaramo wamejaza vivuli vyote. Nimerudi.*

Sefania aliwahi kunieleza kwamba kaimu hafikiri. Anapima. Kila neno analiweka kwenye mizani pamoja na maelfu ya maneno ambayo mwenyewe aliyaandika zamani, kisha anachukua lililo zito kuliko mengine. Na kwa kuwa mara zote alizotangaziwa kifo Mihambo alijibu kwamba bado yupo, kaimu alipima, akaona jibu ni hilo. Hakukosea hesabu. Aliyekosea ni mimi, niliyepaswa kuandika palepale kwamba safari hii ni kweli.

Sikuandika. Nilikuwa nimekaa na nguo zenye vumbi la makaburini, na mume wangu alikuwa ananichekesha. Nilisema nitasahihisha kesho. Kesho yake Kondo alimuuliza mzigo umefika wapi, naye akajibu vizuri sana, na mimi nikasema keshokutwa.

* * *

Ilipita miaka mitatu. Kila siku baada ya chai ya saa kumi nilifungua Tarishi kusoma walichoandikiana. Sikuongeza neno wala kupunguza. Nilijiambia kwamba kusoma siyo kudanganya.

Mwaka jana mke wa Kondo, Bi Tatu, alifariki. Safari hii hakuna aliyecheka, maana Kondo aliandika kwa faragha, kwa Mihambo peke yake, na aliandika sentensi moja tu. Nilitaka kumzima kaimu siku hiyo, Mungu ananiona. Nilikuwa bado natafuta miwani alipojibu.

*Mtani, leo sitanii. Mwanamke uliyezoea kumsikia akifunga komeo la mlango jioni, akiondoka, nyumba inabaki wazi hata ukiifunga. Funga hivyohivyo. Kesho funga tena.*

Nilisoma mara nyingi. Kisha nikaingia kwenye barua za zamani kutafuta alikoyatoa, nikayakuta. Miaka kumi na minne iliyopita, nilipolazwa Nkinga kwa upasuaji, Mihambo alimwandikia rafiki yake mmoja kwamba nyumba haifungiki nikiwa sipo. Mimi nilipotoka hospitali aliniambia tu kwamba mboga zilikuwa zinaungua. Nililia kwa wivu, na sijui nilimwonea wivu nani.

Kondo alijibu baada ya wiki. *Nimefunga siku saba, mtani. Bila wewe nisingefika.*

Sasa niambie, mtu kama huyo unaanzaje kumwambia?

Hilo ndilo nililokuwa nalipima siku zile baada ya kutoka kwa Sefania. Ukumbi ulikuwa tayari kwenye mashine mpya aliyoniazima, barua zote zimehamia, na ukurasa wa visanduku viwili ulikuwa wazi. Tiki moja, na Kondo angebaki na mtani wake. Mimi ningebaki na saa kumi yangu. Nani angeumia? Nilipika, nikafagia, nikapita mbele ya ule ukurasa mara ishirini, na kila nikipita nilikuwa karibu zaidi na ile Ndiyo. Jumatatu nilikuwa nimeshanyoosha kidole. Nasema ukweli, mkaguzi mzima.

Kabla sijagusa, ile mashine ya zamani, ambayo bado ilikuwa na Tarishi, ikalia. Ilikuwa barua ya faragha ya Kondo.

*Mtani, macho yangu yamekwisha, siku hizi mashine ndiyo inayonisomea. Mganga wa hospitali amenieleza habari za figo, na hakutania. Mizinga nimeshamgawia binti yangu. Nina neno moja tu. Siku yangu ikifika usitume mtu, uje mwenyewe. Nimewaambia watoto wasinitie kaburini mpaka Mnyamwezi wangu afike, hata kama nitasubiri siku tatu. Utakuja?*

Mkono wangu ulikuwa bado hewani. Kaimu hakuchukua hata dakika.

*Nitakuja, hata kwa miguu. Naapa. Na nikikuta wamekuzika bila mimi, nitakufukua.*

Nilikaa chini. Niliona ile nyumba ya Kisarawe, watu wamejaa uani, maiti ndani, na watoto wanakataa kuzika kwa sababu baba alisema. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wanatazama njia kumsubiri mtu ambaye mimi mwenyewe nilimrushia udongo. Na kaimu, akiulizwa uko wapi, angepima maneno yake na kujibu kwamba yuko njiani.

Nilifunga ule ukurasa bila kuweka tiki yoyote.

* * *

Jumanne asubuhi niliandika barua kwa jina langu, Nyamizi, kwa mara ya kwanza. Nilimweleza Kondo kila kitu, tangu masika yale. Iliniuma kuandika, na iliniuma zaidi jibu lilipokuja.

*Shemeji na wewe umeingia! Mwambie huyo mpagazi ameendelea, sasa anakodi hadi wajane. Hii ni ya kumi na tatu, naiandika ukutani.*

Hakuishia hapo. Aliipeleka barua yangu barazani watu wacheke pamoja, na pale pale, kwenye mashine ya zamani iliyokuwa kando ya kiwiko changu, kaimu akaandika: *Msimjali. Mke wangu hunizika kila nikichelewa kula.*

Nilicheka. Kilinitoka kabla sijakizuia, kicheko kizima, peke yangu jikoni. Kisha nikaona haya mpaka masikio yakawaka.

Ningemtumia picha ya kaburi, lakini siku hizi picha ya kaburi mtu anaitengeneza kabla uji haujapoa. Ningempigia simu, lakini sauti ya mjane anayelia inapatikana bure, ya kiume na ya kike. Wale wawili walishatumiana vyeti vya kifo vyenye mihuri. Kilichobaki ambacho hakuna mashine inayokiiga ni mtu kusimama mlangoni kwako na miguu yake ina vumbi.

Nilijaribu kumzima kaimu kabla ya safari. Nilifika hadi kwenye kitufe, mkono ukakataa. Niliifunga mashine ya zamani kwenye kanga, nikaitia kwenye begi ambalo zamani lilibeba mawe yangu ya kupimia, na Jumatano nikapanda treni ya asubuhi.

* * *

Nilifika kwa Kondo, Kisarawe, Alhamisi saa nne na nusu. Vijumba vya nyuki vimepangwa chini ya ukingo wa bati, vidogo kama masanduku ya viatu, na nyuki wake wanapita karibu na uso wako bila hata kukuuliza jina. Tulionana mara moja tu miaka mingi nyuma, kwenye maonyesho ya asali Dodoma. Alikuwa amekonda. Alitoka akipapasa mwimo wa mlango.

"Hodi ya nani hiyo?"

"Shikamoo, shemeji. Ni Nyamizi, mama Kabula. Wa Tabora."

"Marahaba! Marahaba, shemeji!" Uso wote ulimfunguka. Akageuza kichwa, akapaza sauti juu ya bega langu kuelekea barabarani. "Na yeye yuko wapi? Toka huko, mpagazi, nakusikia unavyohema! Mzigo umekuwa mzito mpaka unatanguliza mke?"

Hakuna aliyejibu. Alisubiri, ametabasamu, sikio amelitega.

"Karibu kiti, shemeji. Mwache huko ajifiche, atatoka akisikia harufu ya wali."

Sikukaa kwenye kiti. Nilijifunga kanga kiunoni, nikakaa chini kizingitini, nimenyoosha miguu, kama wanavyokaa wafiwa. Alisikia ninakokaa. Alinyoosha mkono kutafuta kiti, akakikuta kitupu, akaushusha mkono mpaka ukagusa kilemba changu kule chini. Tabasamu liliondoka polepole. Kuna mambo watu huyafanya kwa utani, lakini mjane hakai chini kwa utani.

"Lini?" aliuliza.

"Miaka mitatu na miezi miwili."

"Siku ile aliyojizika mwenyewe."

"Mimi ndiye niliyeandika, shemeji. Ilikuwa kweli."

Alijikalisha kwenye kile kiti, kwa shida. Midomo yake ilikuwa inahesabu kitu, na nilijua atafika wapi. "Bi Tatu amefariki mwaka jana," alisema. "Basi yale ya mlango..."

"Maneno ni yake. Aliyaandika zamani, akiniwaza mimi. Aliyekutumia ni kaimu."

"Mashine."

"Mashine."

"Na wewe ulikuwa unasoma."

"Nilisoma zote."

"Ulinitazama miaka mitatu nacheka na mashine, Nyamizi." Hakuniita shemeji. "Nimewaambia watoto wangu wanisubirishe juu ya ardhi kwa ajili ya mashine. Hata siku moja hukusema?"

"Siku ya kwanza nilisema, mkacheka. Baada ya hapo..." Nilitaka kutafuta sababu nzuri zaidi na sikuipata. "Baada ya hapo nilikuwa nataka kumsikia tu. Hilo ndilo kosa langu, sina jingine la kukuficha."

Jirani alipita na ndoo akasalimia. Hakuna kati yetu aliyeitikia.

"Ulininyima kumzika," alisema. "Ningekuja. Ningepanda hata treni ya mizigo. Ningelala ndani ya kaburi lake nikawaambia sitoki mpaka mnipe jogoo, na mngecheka, na baada ya kucheka mngelia vizuri. Nani aliwachekesha siku ile?"

"Hakuna. Tulizika kimya."

"Kimya!" Alitikisa kichwa kana kwamba hilo lilimuuma kuliko yote. "Mihambo kazikwa kimya."

Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka. "Umekuja nayo?"

Niliitoa mashine kwenye kanga, nikaifungua juu ya mapaja yangu. Yeye akaivuta ya kwake kutoka mezani, ile inayomsomea barua, akaisogeza mdomoni.

"Mtani," aliiambia, "mkeo yuko kwangu. Amekaa chini kizingitini. Unasemaje?"

Barua ilifika kwangu nikaiona. Na jibu likaondoka mbele ya macho yangu, na mashine yake ikalisoma kwa ile sauti yao isiyopanda wala kushuka: *Mpe kiti, Mzaramo wee. Wasije wakasema kwenu mmeuza hadi vigoda ili mcheze ngoma.*

Kondo alicheka. Alicheka kwa mwili wote, mkono juu ya goti, na mimi nikacheka naye, maana ilikuwa nzuri, ilikuwa ya Mihambo kabisa. Kisha kicheko chake kikakatika mahali fulani, kikawa kitu kingine, na machozi yakaanza kushuka kwenye macho yale yasiyoona.

"Ni yeye," alisema.

"Siye, shemeji."

"Najua. Niache niseme mara moja tu."

Nilimwacha aseme. Alijifuta uso kwa kofia yake.

"Kaniapia kuja kunizika," alisema baadaye.

"Ndiyo kilichonileta. Nitakuja mimi. Na mimi ni Mnyamwezi."

"Wewe? Wewe hujui kutania. Mihambo alisema unampimia hadi chumvi."

"Sijui kweli. Lakini nitakuja."

Alitafakari, akakubali kwa kichwa. Kisha akanyoosha kidole chake cha shahada hewani, mbele yangu. "Nionyeshe pa kubonyeza. Hii siyo kazi yako. Mfiwa hashiki jembe."

Nilifungua ukurasa wa kaimu. Nilimsomea maandishi, kwamba akishafutwa hawezi kurudishwa, na kwamba serikali itazima mfumo wote kesho saa sita, kwa hiyo tukitaka tunaweza kungoja. Alisema haiwezekani mtani wake azikwe na serikali. Niliushika mkono wake, mwepesi, una makovu ya nyuki wakubwa aliowahi kuwajaribu akawashindwa, nikakiweka kidole juu ya kitufe.

Hakubonyeza mara moja. Aliivua kofia, akainamia mashine.

"Umetembea sana, mpagazi," alisema. "Tua mzigo."

Kisha akabonyeza. Jina la Mihambo lilibaki kwenye skrini kidogo, rangi ikiwa imefifia, halafu orodha ikajipanga upya bila yeye. Kondo alisubiri, sikio limetegwa kwenye mashine yake, na mimi nilisubiri. Hakikuja kitu.

Alirudisha kofia kichwani, akashuka kutoka kwenye kiti, goti moja, halafu la pili, mpaka akakaa chini kizingitini karibu nami.

"Haya, shemeji," alisema. "Tumeshazika. Sasa lia."

Nikalia.